Niliombwa Black Star yetu ya Tanga, nikamfungulia bibi ya David Bowie. Wadau njooni tuijadili hii albamu

FlashiNgamiani (mwenye uzi)

Wadau salaam. Wakubwa zangu shikamooni.

Kazi yangu ni kujazia watu nyimbo, hapa Ngamiani. Unaleta flashi au memori kadi, unataja unachotaka, unakaa kwenye benchi unasubiri. Asubuhi wateja ni bodaboda wa singeli, jioni wanakuja wazee.

Wiki iliyopita kaja bibi mmoja, mtu mzima hasa, flashi kaifunga kwenye pindo la kanga kama hela ya kikoba. "Mwanangu, niwekee Black Star." Basi, hakuongeza neno. Nikaandika kwenye kompyuta, ikaja folda ambayo hata sikumbuki niliishusha lini, nyimbo saba ndani. Nikabofya ya kwanza asikilize kama ndiyo, mimi nikageuka kumhudumia kijana wa chaja.

Kumbe ni David Bowie, yule mwanamuziki wa Uingereza. Albamu yake ya mwisho, Blackstar, ile iliyotoka tarehe 8 Januari 2016, siku aliyotimiza miaka 69. Siku mbili baadaye akafa. Wimbo wa kwanza peke yake unakaribia dakika kumi.

Nilipogeuka nilijua nasutwa. Bibi katulia, kichwa kakilaza upande. Spika zangu ni zile za Kichina, besi ikipiga kioo cha kabati kinatetemeka. Akaniuliza: "Huyu baba ana mgonjwa nyumbani, au mgonjwa ni yeye mwenyewe?"

Wakuu, yule bibi hana Kiingereza hata cha kuombea maji.

Nikamwekea aliyoitaka, Black Star Musical Club, kikundi chetu cha taarab cha hapa Tanga, akalipa, akaenda zake. Mimi ndiyo nimebaki na hili zigo. Nimeisikiliza siku sita na sijaamua. Siku nyingine naona ni kelele za watu wenye vyombo vya bei mbaya. Siku nyingine nashusha mlango wa duka nabaki ndani mpaka iishe. Naambiwa ni jazi. Sasa kama ni jazi, mbona haifanani na jazi ninayoijua mimi mtoto wa Tanga?

Waliowahi kuisikia waje. Ambao bado, wasikilize kwanza ndipo wachangie. Mnajijua.

---

Kokoto_12

Nakaa kiti cha mbele. Sijaisikia na nitachangia hivyo hivyo.

---

NipoMakorora

Hiyo ya bibi ni chai. Tena chai ya tangawizi. Bibi wa Ngamiani akae dakika kumi na mzungu asiulize bei?

---

FlashiNgamiani

Kunywa tu mgosi, sikukuwekea sukari.

---

Mwl_Soni

Mimi CD hii ninayo tangu 2016, alinitumia ndugu yangu aliyekuwa Uingereza. Naweza kusema nimeishi nayo.

Tuanze na mtu mwenyewe. Bowie tunamjua kama mwanamuziki wa pop na rock, mtu wa mavazi na kubadilika sura. Lakini saksafoni alianza kuipiga tangu kijana, na aliyemwonjesha jazi ni kaka yake, Terry, mtoto wa mama yake. Kwa hiyo hii jazi ya uzeeni haikuokotwa njiani. Ilikuwa ndani muda wote.

Ilivyokuja ni hivi. Mwaka 2014 alikuwa akifanya kazi na Maria Schneider, mtunzi wa Marekani mwenye okestra kubwa ya jazi. Yeye ndiye aliyemwambia akamsikilize mpiga saksafoni Donny McCaslin. Bowie akaenda, kwenye baa moja ndogo New York iliyoitwa 55 Bar, akakaa, akasikiliza, akaondoka. Baadaye akawaita wote studio: McCaslin mwenyewe, Jason Lindner kwenye kinanda, Tim Lefebvre kwenye besi, Mark Guiliana kwenye ngoma. Gitaa akaja kuongezwa Ben Monder. Mapema 2015 wakaingia studio ya The Magic Shop, New York, prodyuza akiwa Tony Visconti, rafiki yake wa tangu miaka ya 1960. Visconti alieleza baadaye kwamba walidhamiria kukwepa rock, na kwamba kipindi hicho walikuwa wakimsikiliza sana Kendrick Lamar, rapa wa Marekani. Ukishalijua hilo utaelewa kwa nini hakuchukua wapigaji wa rock akawaambia wajifanye wa jazi. Alifanya kinyume chake. Alichukua wa jazi akawapa nyimbo za pop.

Ndiyo maana mimi siiiti albamu ya jazi. Ni albamu ya pop ambayo mwenye nyumba ameacha mlango wazi, wageni wakahamisha viti.

---

Kokoto_12

Haya nimesikiliza. Bando la elfu moja limekwenda na maji.

Wimbo wa kwanza ni nyimbo mbili zimeshonwa kwa uzi mweupe. Unaanza mmoja, unapotea, anakuja mtu mwingine kabisa anaimba kingine, halafu wa kwanza anarudi kama aliyesahau funguo. Kiitikio sijakiona. Ile saksafoni wimbo wa pili inalia kama pikipiki yenye plagi mbovu. Wimbo wa nne sitaki hata kuuzungumzia, yule wa ngoma anamwaga mabati.

Mngeniambia ni Bowie wa zamani ningecheza. Huyu hapana.

---

Mwl_Soni

Hapo kwenye kushonwa umesema kweli bila kujua. Zilikuwa tungo mbili tofauti, wakaziunganisha. Na ulikuwa mrefu zaidi ya hapo, unapita dakika 11. Wakaambiwa iTunes, duka la muziki la mtandaoni, haliuzi wimbo mmoja mmoja ukizidi dakika kumi, wakaukata mpaka dakika 9 na sekunde 57.

---

Kokoto_12

Kwa hiyo hata muuza duka aliona umezidi. Nashukuru.

---

MdomoWaBata

Nimeletewa uzi huu na mjukuu, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Nimepiga mapulizo hapa Tanga tangu kijana, tarumbeta kwanza, kisha mdomo wa bata. Wadogo zangu msiojua, mdomo wa bata ndiyo hiyo saksafoni. Bendi sitaitaja, tulikuwa bendi ya kazini, wakubwa wakifurahi tunanunuliwa nyuzi, wakinuna tunapigia nyuzi zilizofungwa mafundo.

Mwenye uzi kauliza swali zuri na mmelipita mnakimbilia baa ya New York. Mbona haifanani na jazi ya Tanga? Kwa sababu sisi jazi hatukuwahi kupiga. Tulikuwa na jina. Hapa mjini palikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, Morogoro wana Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Dar es Salaam nao wana yao, Tabora, Kilwa, kila mahali Jazz. Ng'ambo ya pili, Kongo, Franco na OK Jazz tangu 1956. Ukiwasikiliza wote hao utakuta rumba, cha-cha-cha, twisti, na vionjo vya ngoma za kwao. Jazz lilikuwa neno la heshima. Maana yake hawa wana magitaa, wana mapulizo, wamevaa suruali za kufanana, kiingilio kipo mlangoni. Wilson na George Kinyonga walipita Jamhuri Jazz kabla ya kutoka Tanga, wakaishia Nairobi na Simba Wanyika. Je, Simba Wanyika ni jazi? Huwezi kusema hivyo mbele ya Mmarekani. Lakini mbele yangu unaweza, na nitakubali.

Kwa hiyo mwanangu wa Ngamiani, sikio lako halijakosea. Ni neno limesafiri likabadilisha mzigo.

Sasa kuhusu kazi yenyewe. Nimewekewa spika na mjukuu, nimesikiliza mara mbili. Nitasema kama mpulizaji.

Kwenye dansi, mdomo wa bata una adabu zake. Mwimbaji akiimba unanyamaza. Akivuta pumzi unajibu, kifupi, wawili watatu kwa pamoja, kisha unatoka. Ukifika wakati wa kuchangamka, gitaa la solo linachukua uwanja na nyinyi mnalisukuma kwa nyuma. Ukipiga juu ya sauti ya mwimbaji, jukwaani unaangaliwa, na ukishuka unaelezwa.

Huyu McCaslin haangaliwi na mtu. Wimbo wa pili mwimbaji anaimba na yeye anapuliza hapo hapo, tena kwa nguvu, kama watu wawili wanaogombana kwenye daladala na kila mmoja ana haki. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nikasikia kwamba mwimbaji ndiye anayetaka iwe hivyo. Anaachia nafasi, halafu anaingia kabla haijajazwa. Mtu aliyepata kupuliza mwenyewe anajua pumzi ya mwenzake itaishia wapi. Nilivyosoma alivyoandika Mwalimu, kwamba alipiga saksafoni tangu kijana, nikasema ahaa. Alikuwa nayo, akamwachia aliye bora kuliko yeye. Wanamuziki wangapi mnaowajua wanaweza hilo?

Wimbo wa tatu, Lazarus, ndio nilioupenda. Pale wanapuliza taratibu, adabu zote zipo. Hata wewe Kokoto usikilize huo.

---

NipoMakorora

Mzee shikamoo. Huu mchango ungewekwa juu kabisa.

---

Kokoto_12

Shikamoo mzee. Lazarus nimeusikia, si mbaya. Unaburuza miguu lakini si mbaya.

---

UshangaPangani

Jamani na sisi wa taarab tuseme, maana jina lililoanzisha uzi ni letu.

Naona mnaandika Black Star kana kwamba ni kosa la kompyuta tu. Black Star Musical Club ya Tanga ndiyo iliyochukua taarab, iliyokuwa ya udi, fidla na ganuni, ikaipigia magitaa ya umeme na besi, mwendo ukasogea karibu na dansi. Ikatoka Lucky Star nayo hapo hapo Tanga. Mwaka 1989 kampuni moja ya London ikakusanya nyimbo za vikundi vyote viwili kwenye sahani moja, ikaiita Nyota. Kwa hiyo kuna mzungu fulani London aliyeijua Black Star ya Tanga miaka 27 kabla Bowie hajatoa ya kwake. Sisemi Bowie aliisikia, msininukuu vibaya. Nasema tu jina lilikuwa na wenyewe.

Na ukiniuliza ni nani kati ya hao wawili aliyekuwa wa majaribio zaidi, mimi nasema wa Tanga. Bowie alikuwa na jina, hela na studio. Akikosea, kakosea David Bowie, watu watasema ana maana yake. Mtu wa Tanga akichomeka gitaa la umeme kwenye taarab wakati babu yangu yupo ukumbini na kanzu yake, hiyo ni jeuri. Babu alikuwa akisema hiyo si taarab, ni dansi limejifunika ushungi. Na alikuwa haachi kwenda.

Kuhusu bibi wa dukani, mimi naamini kabisa. Mtu aliyekulia kwenye taarab hasikilizi maneno kwanza. Anasikiliza sauti imekaa wapi. Wimbo wa kwanza Bowie anaimba kwa sauti ya mbali, kama mtu aliye chumba cha pili na mlango umerudishwa. Bi Shakila, mtoto wa Pangani, alikuwa na sauti ya namna hiyo alipotaka. Anaimba jambo la furaha na wewe unashika shavu.

Na maneno yenyewe ni mafumbo. Albamu nzima mtu anasema anakufa na hakuna aliyejua mpaka alipokufa. Alikuwa na saratani ya ini, aliificha, wanaojua ni wa karibu tu. Kwenye video ya Lazarus yuko kitandani, macho yamefungwa kitambaa na juu yake vifungo viwili. Ilitoka Januari 7. Watu wakasema eti ni sanaa. Fumbo mfumbie mjinga, ndugu zangu, na siku hizo tatu dunia nzima tulikuwa wajinga.

Mwaka huo huo wa 2016, mwezi wa nane, Bi Shakila naye akatutoka. Hakuna aliyeandika nyuzi ndefu hivi.

---

FlashiNgamiani

Dada, hilo la mwisho limenigusa. Nyimbo zake zinaombwa hapa dukani kila wiki, nikuambie ukweli. Wateja wengine hawajui hata ni nani anaimba, wanasema "niwekee zile za Tanga za zamani."

---

NipoMakorora

Swali la pembeni. Huyu Bowie si ndiye aliyeimba na Freddie wa Zanzibar?

---

Mwl_Soni

Ndiye. Mwaka 1981 na Queen, walirekodi Uswisi. Freddie Mercury kazaliwa Mji Mkongwe 1946. Freddie alipofariki, kwenye tamasha la kumkumbuka pale Wembley, Aprili 1992, Bowie alipiga magoti jukwaani akasali sala ya Baba Yetu mbele ya uwanja mzima. Na mkewe Bowie, Iman, ni Msomali, kazaliwa Mogadishu, akasoma Nairobi. Kwa hiyo mwambao wetu ulikuwa unamzunguka.

---

NipoMakorora

Basi ni shemeji. Kokoto acha kumtukana shemeji.

---

Kokoto_12

Shemeji au si shemeji, mimi nauliza jambo moja na mnijibu kwa haki.

Mngeipenda hii albamu kama asingekufa?

Nasema hivi kwa sababu naona kila mtu anasifia kifo. Mara kitambaa machoni, mara tarehe ya kuzaliwa. Mnasikiliza jeneza. Nitolee jeneza hapo, unabaki na nyimbo saba, dakika arobaini na moja, tatu kati yake hazieleweki. Msanii wa hapa nyumbani akitoa kitu kama hicho, hajafa, ana miaka 25, mtasema kaishiwa.

---

ZezeBagamoyo

Kokoto umegonga penyewe ingawa sikubaliani nawe.

Niko Bagamoyo, nasoma ngoma na vyombo vya asili kwenye chuo cha sanaa, TaSUBa. Darasani kwetu hii hoja huwa haiishi. Mzungu wa pop akichukua jazi akachanganya na ngoma za kompyuta, inaitwa majaribio. Mtu wetu akichukua zeze akaliweka na kinanda, anaambiwa anaharibu asili. Mzee Hukwe Zawose, aliyekuwa akiishi hapa Bagamoyo, alifanya kazi na Real World, kampuni ya mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel, na rekodi yake iliyotoka 2002 ilikuwa imechanganywa mitambo na vyombo vya Ulaya. Nimekutana na watu waliosema hawaitaki hiyo, wanataka ile ya ilimba na zeze tu. Wao wenyewe simu zao zina miito ya bongofleva.

Lakini kwenye swali lako, kama asingekufa, mimi najibu kwa ngoma. Huyo "anayemwaga mabati" ana kitu anakifanya. Kuna mtindo wa Uingereza wa miaka ya 1990 ambapo mapigo ya ngoma yalikatwakatwa kwenye mashine, yakaharakishwa mpaka binadamu asiyaweze. Sasa wapigaji wa kizazi hiki wamekaa chini wakajifunza kuyapiga kwa mikono. Wimbo wa nne ni huo. Kwa hiyo unachosikia ni mtu anaiga mashine iliyokuwa inaiga mtu. Na hachoki. Besi ya Lefebvre inamfuata chini kama mbwa wa mlinzi. Hapo hakuna jeneza mkuu, hapo kuna jasho.

Huo wimbo wa nne, kwa taarifa, Bowie alikwishaurekodi 2014 na okestra ya Maria Schneider. Kausikilize ule wa kwanza halafu urudi. Ule wa okestra ni mpana, umevaa koti. Huu wa albamu umevuliwa koti ukaambiwa kimbia.

Wenzangu wawili tulijaribu kuupiga kwa ngoma zetu. Tuliweza dakika moja na nusu, mmoja akaomba maji.

---

Mwl_Soni

Na niongeze kwenye hoja ya jeneza. Wahakiki waliandika kabla hajafa, walipewa nakala mapema kama ilivyo kawaida. Wengi waliisifu wakiamini mzee yuko hai na anajiandaa kwa nyingine. Sikatai kwamba kifo kiliuza. Ndiyo albamu yake ya kwanza kushika nafasi ya kwanza Marekani, na 2017 ikachukua tuzo tano za Grammy. Hapo Kokoto una hoja. Lakini sifa zilitangulia msiba.

Mimi nilikuwa na bahati mbaya, CD yangu ilifika wiki ya tatu. Sikuwahi kuisikia akiwa hai. Wanaosema waliisikia ile Jumamosi na Jumapili, wakati ni albamu tu, nawaonea wivu kidogo.

---

MdomoWaBata

Mmezungumzia kufa, niseme na mimi halafu nikalale.

Mbaraka Mwinshehe alipata ajali Mombasa, Januari 1979. Kijana bado. Hakupata hata muda wa kusema jamani mimi naenda. Nyimbo zake za mwisho ni nyimbo tu, si za kuaga, sisi ndio tunazilazimisha ziage. Wenzangu wengi niliopiga nao waliondoka hivyo, mmoja alituachia tarumbeta kwa fundi, hatujui hata alipeleka kwa fundi gani.

Huyu mwenzetu alipewa muda, karibu mwaka na nusu, akajua. Wengine wakijua wanakwenda kwa ndugu, wanagawa viwanja. Yeye kaenda kutafuta wapigaji wapya. Umri ule, ugonjwa ule. Mimi nilipoumwa mwaka juzi sikutaka kumwona hata jirani.

Kokoto, mimi siipendi yote. Wimbo wa tano siuelewi kabisa, unarudia rudia kama redio imekwama. Lakini usiseme nasikiliza jeneza. Nasikiliza mpulizaji aliyeitwa kazini.

---

UshangaPangani

Mzee, wimbo wa tano usiuelewe, hata Waingereza hawauelewi. Kaimba kwa lugha za kificho mbili, moja ya kubuniwa kwenye riwaya ya zamani ya Kiingereza, nyingine ya mitaani London iliyotumiwa na watu waliokuwa hawataki polisi wawaelewe. Ni kama tulivyokuwa tukizungumza kinyume utotoni, maji unaita jima, nyumba unaita mbanyu, mama anakuangalia tu. Mimi ndio ninaoupenda kuliko yote. Mtu wa kufa anacheza kinyume.

---

NipoMakorora

Jima. Nimekumbuka mbali sana. Tulichapwa kwa hicho kinyume.

---

GofuLaTongoni

Nimepita tu. Coastal wanacheza saa ngapi kesho?

---

FlashiNgamiani

Saa kumi Mkwakwani, na ondoka kwenye uzi wangu.

---

FlashiNgamiani

Wadau nimewasoma wote. Kwa upande wangu naona nimesogea. Mzee aliposema McCaslin anapuliza juu ya sauti nilirudi nikasikiliza wimbo wa pili kwa sikio hilo, nikaona kumbe ndicho kilichokuwa kinanichosha na ndicho kilichokuwa kinanirudisha. Wimbo wa sita na wa saba siku hizi nazipiga dukani na hakuna mteja aliyelalamika. Ule wa saba una kinanda cha mdomo. Mwalimu, nilisoma mahali kwamba hicho kipande amekitoa kwenye albamu yake ya 1977?

---

Mwl_Soni

Ndiyo, kinafanana na kipande cha kwenye Low, ndiyo albamu hiyo. Kakirudisha mwishoni kabisa. Hongera, wewe sasa ni mgonjwa kama sisi.

---

FlashiNgamiani

Sasa sikilizeni, mwenye chai na anywe.

Leo kaja kijana, mjukuu wa yule bibi, na ile flashi. Anasema bibi amemtuma, kuna wimbo umepungua. Nikafungua, Black Star wote wapo, Lucky Star wapo, nimempa na za nyongeza. Nikamwambia mbona ziko kamili? Akasema: "Bibi anauliza, yule mgonjwa mbona umemtoa?"

Sikumtoa. Sikuwahi kumweka. Nilidhani hamtaki.

Nimemwekea wimbo wa kwanza na Lazarus. Sikumtoza.

---

NipoMakorora

Ya leo umeweka na iliki.

---

UshangaPangani

Makorora nyamaza. Flashi, mwekee zote saba. Akikataa wa tano ni juu yangu.

---

ZezeBagamoyo

Akirudi muulize ngoma za wimbo wa nne amezionaje. Sitanii, nataka nikaripoti darasani.

---

Kokoto_12

Narudi kwa mara ya mwisho. Jana nilikuwa kwenye Coaster ya Muheza, konda kaharibu redio, nikaweka spika za masikioni nikaisikiliza yote kwa kukosa la kufanya. Ya kwanza bado ndefu. Ya pili bado pikipiki. Ya tano dada Ushanga nisamehe.

Ya nne nilirudia. Nikarudia tena. Nikapitiliza kituo.

Yule mpiga ngoma mlisema anaitwa nani?

---

ZezeBagamoyo

Mark Guiliana.

---

Kokoto_12

Ahsante. Albamu bado siipendi.